Gobori la Fundi Shee

Mwatime alilisikia neno lile akiwa ameshika sahani ya wali mkononi, na hata baadaye hakuweza kukumbuka sahani ile aliiweka wapi.

Ilikuwa mwaka 2003, Irving, Texas, katika ukumbi wa mkutano wa nyumba za kupanga. Posa ya binti yake Afnan ilikuwa imekwisha kupokewa, na siku ile watu wa mwanamume walikuwa wamewaalika watu wa mwanamke wale pamoja, wajuane, kisha wapange siku ya nikahi. Wanaume walikaa upande wa mlangoni, wanawake upande wa jikoni, katikati pametundikwa shuka la maua. Shuka si ukuta. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili.

Mzee Abdulhafidh, babu yake Riyadh, bwana harusi, ndiye aliyekuwa akizungumza. Alikuwa na teksi kadhaa uwanja wa ndege na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na madereva wake.

"Binti kasoma, ana adabu, hana ila," alisema. "Lakini mimi mtu mzima, sifichi jambo. Hawa ndio wale wa Fundi Shee wa Faza, kule kwetu. Yule aliyemtengenezea babu yangu Bwana Lali gobori la bomba la maji, akamuuzia kama mtutu wa chuma. Likampasukia usoni, jicho likaenda. Haya, sisi tumekwisha kusamehe. Lakini kijana ajue anaoa nyumba gani."

Wanaume wakacheka, si sana, kicheko cha watu wanaokula chakula cha mwenyeji. Na wale wazee wawili waliotoka Katy, mji wa kina Mwatime, kusimama mahali pa marehemu Azizi, mume wake Mwatime, hawakufungua midomo ila kutia tonge.

Fundi Shee alikuwa babu yake Azizi. Katika nyumba yao jina lake halikutajwa ovyo. Azizi alikuwa akimweleza mkewe kwamba mzee yule hakupata kumkabidhi mtu gobori kabla hajalipiga yeye mwenyewe, kwa bega lake mwenyewe, mbele ya mnunuzi. Azizi amekufa, Mungu amrehemu, na jina lile alilibakisha mikononi mwa mjane wake. Leo limetupwa katikati ya sahani za wali, na watu wanacheka.

Mwatime alimshika binti yake mkono, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Kutoka Irving hadi Katy ni mwendo wa saa nyingi, na saa zote hizo Mwatime hakuwasha redio. Afnan ndiye aliyeendesha. Walipopita mji wa Corsicana akajaribu.

"Mama, he's an old man. Wazee wanaongea tu."

"Kakwambia wewe ni kizazi cha mwizi."

"He said they forgave us."

"Watusamehe nini?" Mwatime aligeuka mzima kwenye kiti. "Mtu huyu kasimama mbele ya mahari yako akasema babu wa baba yako aliuza bomba la maji. Mwizi, tena mtoboa macho. Ukizaa kesho, mwanao akivunja kikombe wataambiana: mwache, damu ya bomba hiyo. Sikiliza, mwanangu. Riyadh sina neno naye. Lakini neno lile haliingii nyumba ya ndoa pamoja nawe. Litolewe kwanza, palepale, mbele ya walewale. Lisipotolewa, hakuna nikahi."

Afnan akarudisha macho barabarani. Alimjua mama yake. Mwatime alikuwa amefundisha fizikia Mombasa miaka mingi kabla ya kuhamia Texas, na mtu aliyemletea jibu bila kuonyesha njia alirudishwa kwenye dawati lake.

Usiku ule hakulala, na asubuhi alikuwa amekwisha kukata shauri. Angeunga gobori. Nyumba ya Fundi Shee ingetoa gobori jingine, lipigwe mbele ya Abdulhafidh, naye asimame karibu alione lisivyopasuka.

Texas si mahali pa kutafuta bunduki kwa shida. Katika vitabu vya maduka ya wawindaji vilivyokuwa vikitupwa mlangoni kila msimu mlikuwa na kurasa nzima za magobori ya kuunga nyumbani: mtutu, mbao, mtambo wa kufyatulia, skrubu, vyote ndani ya sanduku, mtu apige tupa na msasa mwenyewe. Mwatime alivitandaza juu ya meza ya kulia, akavaa miwani, akavisoma kama anavyosoma mitihani, kwa kalamu nyekundu.

Afnan aliporudi kutoka chuoni alisimama mlangoni.

"Mama. No. Sisi ni Waislamu, hapa, mwaka huu, na wewe una-order bunduki ndani ya box? Majirani watasema nini?"

"Jirani wa kulia ana bunduki tatu kwenye gari. Wa kushoto kaning'iniza kichwa cha kulungu sebuleni. Waseme nini?"

"Wao ni wao."

"Ndiyo hilo!" Mwatime aliipiga meza kwa kiganja. "Huko Irving niinamishe kichwa kwa sababu ni mjane, hapa niinamishe kwa sababu ni Mwislamu. Basi nikiinua lini? Niletee chai."

Duka alilolichagua lilikuwa nje kidogo ya Houston, na aliyempeleka alikuwa Absalom Mogaka, Mkisii, mhasibu, mume wa muuguzi aliyekuwa jirani yao wa zamani walipokuwa wakikaa mtaa wa Gulfton. Absalom alikuwa ameingia uwindaji wa Texas kwa miguu yote miwili. Alikuwa na kofia, buti na jaketi la rangi ya majani makavu.

"Mwalimu," alisema njiani, "mimi nimekaa nchi hii miaka kumi nikidhani mwenda wazimu ni mimi peke yangu."

"Endesha gari, Absalom."

"Naendesha. Nauliza tu, huyo mzee wa Irving ameandika wosia?"

Mwatime hakucheka. Lakini hakumkaripia pia.

Muuzaji alikuwa Mzungu mnene mwenye suruali ya kanda za mabegani. Alimpita Mwatime kwa macho, akamuuliza Absalom anataka nini. Absalom akamwonyesha kwa kidole aliyekuja kununua. Muuzaji akatabasamu, akamuuliza mama ni zawadi ya mumewe?

"Mume wangu amefariki," Mwatime alimjibu kwa Kiingereza chake cha darasani. "Muungaji ni mimi. Nionyeshe magobori."

Likaja la kwanza, rahisi kuliko yote. Mwatime alishika mbao, akaingiza mtambo mahali pake. Ukacheza kama jino bovu. Alipitisha ukucha pembezoni, ukucha ukazama. Akalirudisha.

Likaja la pili, zuri, mbao imekwisha kuchongwa vizuri. Lakini lilikuwa la fataki, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyogongwa na nyundo. Muuzaji alisema hilo ndilo linalowafaa wanaoanza. Halina matata, hata mvua ikinyesha linalia.

"Sitaki linalonifaa mimi. Nataka kama alivyotengeneza yeye. La gumegume, linalowashwa kwa jiwe."

Muuzaji akamtazama upya. Akaenda nyuma akaleta la tatu. Mtutu mrefu, mzito, wa pande nane, umetobolewa sawasawa. Mwatime aliuelekeza kwenye taa akachungulia, na ndani mlikuwa safi kama bilauri. Mbao ya mjozi wa Kimarekani, imechongwa umbo, imeachiwa unene wa kumaliza kwa mkono. Mtambo wenye nyundo ya kubana jiwe, na mbele yake kisahani kidogo cha chuma chenye kifuniko. Baruti kidogo hutiwa kisahanini. Jiwe likigonga, cheche huangukia pale, moto ukaingia kwa kitundu ubavuni mwa mtutu. Hili ndilo. Aliuweka mtambo mahali pake, ukakaa kimya.

"Right or left?" muuzaji aliuliza.

"Nini?"

Alitaka kujua mpigaji anatumia mkono gani. Mtambo hukaa ubavu wa kulia au wa kushoto.

"Kwetu," Mwatime alisema, akainua kidevu, "watu wote hutumia mkono wa kulia."

"Si wote, mwalimu," Absalom alisema nyuma yake. "Mimi mashoto."

"Wewe nimekuona ukiandika kwa kulia."

"Na kula pia. Nilichapwa mpaka vikahama hivyo viwili. Lakini panga, mpira, bunduki, hakuna aliyekumbuka kunichapia." Akalichukua lile gobori, akalipachika begani kufanya mzaha. Bega la kushoto. Shavu lake la kushoto likalala juu ya mbao.

Mwatime alikuwa anataka kumwambia aache mchezo. Neno likamkwama. Mtambo ulikuwa ubavu wa kulia, na uso wa Absalom ulikuwa ubavu huohuo. Kile kisahani cha baruti, kile kitundu cha moto, vyote vilikuwa mbele ya macho yake, umbali wa kiganja. Mtu wa kulia uso wake hukaa upande wa pili, na chuma chote cha mtutu humkinga. Huyu hakukingwa na kitu.

"Usiondoke," alisema. "Kaa hivyohivyo."

Akamzunguka kama anavyozunguka meza ya maabara. Mtutu ukipasuka, hupasuka wapi? Penye baruti na mbele yake, pale mkono wa mbele unaposhika. Vidole ndivyo vinavyokwenda kwanza. Na Bwana Lali, kila mtu wa Faza alijua, na watu wake walijigamba nalo mpaka Irving, alishona kofia za vito, zile za kudarizi, kwa mkono hadi kufa kwake. Jicho moja, vidole vyote. Mtutu gani wa bomba unaopasuka ukachagua jicho, ukaviacha vidole vishone kofia?

Halikupasuka. Halikupasuka hata kidogo. Lilifanya kazi yake kama lilivyotengenezwa, na moto wa kisahani ukamkuta mtu aliyeweka uso wake usipostahili kuwekwa.

Alinunua la kulia. Garini alimpigia simu binti yake, maana mashoto hufuata damu.

"Riyadh anatupa mpira kwa mkono gani?"

"Mama, what?"

"Mkono gani, Afnan!"

"Wa kushoto. How did you... Mama, usimwambie mtu. Anaficha mbele ya babu yake. Alipokuwa mdogo babu alikuwa anamfunga mkono kwa kitambaa, saa nzima ya kula."

Mwatime alikata simu. Absalom alisema baadaye kwamba alimwona akitabasamu, na kwamba hakupenda kabisa tabasamu lile.

Wiki zilizofuata kwenye meza ya kulia hapakuliwa chakula. Kila jioni, akitoka shuleni alikokuwa akisaidia kufundisha hesabu, alivua saa, akafunga leso kiunoni, akashika tupa. Alikata skrubu, akalainisha shaba, akapiga mbao msasa mpaka mikono ikawa kama ya mvuvi. Mara moja aliparua kupita kiasi akaacha bonde karibu na kitako, akalia kwa hasira, akapaanza upya mahali pale mpaka bonde likawa mteremko. Alipaka mafuta, akasugua kwa kiganja, akapaka tena. Afnan, ambaye mwanzoni alikuwa akipita meza ile kama anapita jeneza, jioni moja alivuta kiti akashika msasa. Walipiga msasa pamoja, mama huku, binti huku.

Baruti hakununua. Hakuihitaji tena.

Kisha aliwaalika walewale, ukumbi uleule wa Irving, chakula juu yake. Walikuja wote, watu wetu hawakatai pilau, hata ya mtu waliyemtukana. Shuka la maua likatundikwa. Baada ya kula, Mwatime alilifunua, akapita upande wa wanaume, gobori mkononi likiwa limefungwa kanga. Wale wazee wawili wa Katy wakaanza kusoma dua kwa midomo.

"Msiogope. Tupu," alisema, akaichomoa kanga. Mbao iling'aa. Hata waliotaka kukasirika waliitazama kwanza.

"Shikamoo, Mzee Abdulhafidh."

"Marahaba, Mama Afnan. Hiyo nini tena?"

"Kazi ya mikono yangu. Wewe ndiye uliyekulia na habari za magobori hapa, wengine sisi wanafunzi. Hebu nitazamie, limenyooka?"

Mzee alijaribu kuficha furaha yake, ikamshinda. Alifuta mikono kwa kitambaa, akalipokea, akalipima uzito, akaguna kwa ujuzi. Kisha akalielekeza kwenye saa ya ukutani na kulipachika begani.

Bega la kushoto.

"Limenyooka," alisema.

"Alhamdulillahi. Usilishushe." Mwatime alisogea, akafungua kifuniko cha kisahani kwa kidole. Kikalia. "Hapa hutiwa baruti. Moto huwakia hapa, na mwingine hurukia ubavuni kwa kitundu hiki. Waambie hawa kisahani kiko wapi na jicho lako liko wapi."

Mzee aliangalia. Kisha akalishusha taratibu kama mtu aliyeshika mtoto wa watu.

"Ukoo wetu hauna mashoto," alisema.

"Babu," Riyadh alisema kutoka nyuma. Alikuwa kijana mrefu, mhandisi. "Mimi mashoto. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifunga kitambaa."

"Nyamaza wewe!"

"Asinyamaze," Mwatime alisema. "Bwana Lali alishona kofia mpaka kufa. Kwa vidole vingapi, Mzee? Vyote. Mtutu ukipasuka huchukua vidole. Babu yako hakupasukiwa na kitu. Alipiga kwa kushoto gobori la kulia, ukamchoma moto wa kisahani."

Mzee Abdulhafidh alikuwa amebadilika rangi, lakini hakuwa mtu wa kuanguka mara moja. Akainua kidole.

"Vizuri. Tuseme alikuwa mashoto. Tuseme! Basi fundi gani asiyempima mtu wake? Hata mshona kanzu humuuliza mtu mkono wake. Kosa bado la Fundi Shee."

Watu wakageuza macho kwa Mwatime, na kwa kweli neno lile lilimchoma, maana lilikuwa na uzito. Lakini alikuwa amelifikiria meza ya kulia, msasa mkononi.

"Angemuulizaje? Bwana Lali alikula nyumbani kwa Fundi Shee kwa mkono wa kulia. Alimpa mkono wa kulia. Akaandika jina lake kwa kulia. Mlimficha mkono wake tangu utotoni kama mnavyomficha huyu. Alimficha hata fundi wa kumpimia bunduki, na siku alipokuwa peke yake porini, mkono wake mwenyewe ukamtoka. Halafu uwongo wa bomba mkauona mwepesi kuliko aibu ya mkono wa kushoto. Miaka mia mmemtukana marehemu mmoja ili msiseme neno moja: mashoto!"

Riyadh alikuwa ametazama chini. Afnan alikuwa amesimama kando ya shuka, na hakulishusha.

"Binti yangu yuko hapa," Mwatime alisema. "Siku ya nikahi haijapangwa, na haitapangwa kabla hujasema. Ulisema mbele ya hawa, useme mbele ya hawa."

Mzee aliwatazama madereva wake waliokaa kati ya wageni, akamtazama mjukuu wake. Ilionekana wazi anapima kama anaweza kumnyima kijana yule mke kwa ajili ya neno. Riyadh aliinua uso, na babu mtu akaona kwamba hawezi.

"Fundi hakukosea," alisema akiitazama meza. "Gobori halikupasuka. Babu yetu alikuwa... alitumia kushoto."

Mwanamke mmoja nyuma ya shuka akaanza kigelegele. Mwatime alimgeukia, kikakatika katikati.

"Na bomba, Mzee."

"Bi Mwatime, nimekwisha sema."

"Umesema la kupasuka. La kupasuka ni bahati mbaya, humpata kila fundi. La bomba ni wizi. Sema la bomba."

Mzee alisogeza sahani yake kando.

"Hakukuwa na bomba," alisema. "Hatukupata kuliona. Tulisema tu."

"Mlisema tu," Mwatime alirudia. Hasira haikuwa imemtoka. Ilikuwa imekaa palepale kifuani, na alijua itakaa naye hadi Katy na baada ya Katy, maana kicheko cha miaka mia juu ya babu yake Azizi hakifutwi kwa sentensi mbili. Lakini neno lilikuwa limetolewa, palepale, mbele ya walewale. Akavuta kiti upande wa wanaume, mahali ambapo Azizi angekaa, akaketi.

"Haya," alisema. "Semeni siku."